Lugha mfu kwenye mchezo wa kuigiza: namna ya kuitengeneza isomeke nusu

Mchezo tunaouzungumzia ni ule wa mezani: kila mchezaji hubeba mhusika wake, mwongozaji husimulia ulimwengu wao, na dadu huamua kama mhusika amefaulu. Wahusika wamefika kwenye mlango wa mawe wenye maandishi ya kale. Mchezaji mmoja anarusha dadu ya pande 20, anapata 17, na mwongozaji anawasomea tafsiri nzima kwa Kiswahili sanifu. Kwisha. Dadu ikigoma, mlango haufunguki na kikao kinakwama. Kosa ni lile lile katika hali zote mbili: lugha imefanywa kitu cha kusomeka chote au kutosomeka kabisa. Lugha mfu za kweli huwa na majina yanayojulikana, maneno machache yanayokisiwa, na sehemu zilizobaki giza. Hapo katikati ndipo penye mchezo.

Mwongozo huu ni wa mwongozaji anayetaka wachezaji wenyewe wasome kwa akili zao, dadu likiwa msaada tu. Maandalizi ni jioni mbili. Utahitaji daftari, mizizi 40 ya maneno, kanuni tatu za kubadilisha sauti na sarufi, na maandishi tisa mafupi. Usizidishe. Lugha ya maneno 400 hutaikumbuka wewe mwenyewe ifikapo kikao cha nne.

Ilikufaje?

Kabla ya kutunga neno hata moja, andika sentensi moja juu ya ukurasa: wasemaji wake walipatwa na nini? Jibu hilo ndilo litakaloamua dalili zitakuwa wapi.

Dola ikiporomoka kwa siku moja, kama dola za kubuni za michezo hii, Netheril ya ulimwengu wa Forgotten Realms au Azlant ya ulimwengu wa Pathfinder, huacha mawe mengi yenye maandishi na hakuna kinywa hata kimoja kinachoyakumbuka. Hapo dalili zote ziwe za vitu: jina lililochongwa chini ya sanamu, alama kwenye mtungi wenye mabaki ya asali, hesabu za ghala.

Watu wakibaki hai lakini wakahamia lugha ya majirani, hali hugeuka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Waelmolo wa Ziwa Turkana waliohamia Kisamburu, na Wayaaku wa msitu wa Mukogodo waliohamia Kimaasai. Lugha ya namna hii huacha majina ya vilima na mito, na maneno ya kazi ambayo lugha mpya haikuwa nayo. Kwenye mchezo, mweke mzee mwindaji anayejua majina 15 ya miti na wanyama kwa lugha ya babu zake, lakini hawezi kuunga sentensi. Wachezaji hupenda sana kuzungumza na mtu kama huyo, na atakupa nafasi ya kutoa msamiati bila kufungua kamusi. Unaweza hata kufuata mfano wa Wambugu wa Usambara, ambao wana usemi wenye maneno mengi ya Kikushi (ukoo wa lugha kama Kisomali) yaliyopandikizwa kwenye sarufi ya Kibantu: lugha imekwenda, msamiati wake umebaki umevaa nguo za lugha nyingine.

Lugha ikizaa nyingine, kama Kilatini kilivyozaa Kiitaliano na Kifaransa, wachezaji wataisikia kwa mbali ndani ya lugha wanayoisema. Hii ndiyo rahisi kuitengeneza, na ndiyo tutakayoijenga hapa.

Ya mwisho ni lugha iliyobaki kwa ibada au kwa shule. Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, haina mtoto anayezaliwa akiisema, lakini makanisa ya Ethiopia na Eritrea husali kwa lugha hiyo hadi leo. Kisumeri kiliacha kusemwa nyumbani yapata miaka 4,000 iliyopita, lakini waandishi wa Mesopotamia (Iraki ya leo) waliendelea kujifunza kukiandika kwa karne nyingi baadaye. Kwa kuwa walikisoma kama lugha ya kigeni, walitengeneza orodha za maneno ya Kisumeri na maana zake kwa Kiakadi, lugha yao wenyewe. Ukihitaji kamusi ndani ya magofu, usiiweke kwenye hazina ya mfalme. Iweke kwenye chumba cha wanafunzi, kwenye vibao vya udongo vilivyojaa makosa ya tahajia.

Chagua kifo kimoja. Mbili zikichanganywa dalili hupingana, na wachezaji hukata tamaa.

Kimepotea nini hasa: mwandiko au lugha?

Haya ni mambo mawili, na waongozaji wengi huyachanganya. Mwandiko wa Meroe, huko Sudan, ulisomeka kwa sauti tangu mtaalamu Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alipokamilisha kuufungua mwaka 1911, lakini maana ya maandishi mengi bado haijulikani. Unatamka, huelewi. Linear B, mwandiko wa kale wa Ugiriki, ilikuwa kinyume chake: alama hazikujulikana hadi Mwingereza Michael Ventris alipozifungua mwaka 1952, na ndani yake kikatoka Kigiriki, lugha ambayo wataalamu walikuwa wakiijua siku zote.

Kwa kikundi kinachoanza, mwandiko ujulikane, lugha ndiyo ipotee. Sababu ni za kimatendo. Karatasi unazogawa zitaandikwa kwa herufi za kawaida, wachezaji wataweza kutamka maneno kwa sauti mezani, na kutamka ndiko kunakofungua fumbo.

Ukitaka kupoteza mwandiko pia, usibadilishe kila herufi ya Kiswahili kwa alama moja. Fumbo hilo huvunjika ndani ya dakika chache, kwa sababu maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, na *a* hujitokeza kuliko herufi zote. Mchezaji makini ataona alama tano zinazofunga kila neno, na kazi imekwisha. Njia bora imo kwenye hati zetu za kale za pwani. Kiswahili kilipoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi herufi moja, *be*, ilibeba *b*, *p* na *mb* kwa pamoja, na *fe* ikabeba *f* na *v*. Msomaji ilimbidi aijue lugha ndipo achague. Sasa andika BABA juu ya mlango: ni baba, papa, pamba au bamba? Mlango una picha ya samaki upande mmoja na ya mzee upande wa pili. Hilo ni fumbo la dakika kumi kwa neno moja tu.

Kuitoa lugha mfu ndani ya Kiswahili

Kama kikundi kinacheza kwa Kiswahili, basi Kiswahili ndicho lugha ya wote kwenye ulimwengu wenu, na mama yake aliyekufa anaweza kutengenezwa kwa kurudisha nyuma sauti. Anza na kanuni hii, kwa sababu ina msingi wa kweli.

*Kanuni ya 1: irabu mbili zikifuatana, rudisha l katikati.* Njia inakuwa njila, mvua inakuwa mvula, njaa inakuwa njala. Si uzushi. Kinyarwanda husema inzira, imvura, inzara. Konsonanti ambayo Kiswahili kiliidondosha imekaa pale kwa umbo la *r*. Na haikupotea kabisa hata kwetu. Sikiliza: zaa, zaliwa, fungua, funguliwa, chukua, chukuliwa, pokea, pokelewa, jua, julikana. Ile *l* hufufuka mara tu kitenzi kinapopata mkia. Wachezaji wako wanaijua kanuni hii tangu utotoni bila kujua kuwa wanaijua, na raha ya fumbo ni pale mmoja atakapopiga meza akisema "fungula ni fungua!"

*Kanuni ya 2: ch inakuwa t.* Mchele ni mtele, chini ni tini, mchanga ni mtanga. Ndivyo wasemavyo watu wa Lamu mpaka leo, kwa hiyo masikio ya wengi yataikubali. Kanuni hii ina zawadi ndani yake: inazaa maneno yanayofanana na mengine ya leo. Cheka inakuwa *teka*. Chuma inakuwa *tuma*. Chora inakuwa *tora*. Maneno mawili ya kwanza yana maana nyingine kabisa kwenye Kiswahili sanifu, na huo ni mtego wa haki, maana mchezaji anayeifuata kanuni ataukwepa.

*Kanuni ya 3 iwe ya sarufi, moja tu.* Pendekezo letu: ukanushi huja mwishoni, neno *si* likisimama baada ya kitenzi. "Alizala si" maana yake hakuzaa. Ukiongeza kanuni ya pili ya sarufi utaanza kukosea wewe mwenyewe, na mwongozaji akikosea mara moja wachezaji hawataamini tena maandishi.

Baada ya kanuni, safisha msamiati. Maneno yaliyoingia baadaye kutoka Kiarabu, Kireno na Kiingereza hayawezi kuwa ndani ya lugha iliyokufa kabla ya meli hizo kufika. Toa kitabu, bahari, dhahabu, kaburi, hatari, roho, damu, malkia, meza, saa. Badala yake zungusha maneno: bahari iwe "ziwa kuu", malkia awe "mke wa mfalme", kaburi liwe "malalo". Ugumu huu mdogo ndio unaoipa lugha ladha ya kale kuliko herufi za ajabu na alama za mkato juu ya kila neno.

Hesabu zistahili uangalifu wa pekee, kwa kuwa milango na ngazi hufunguliwa kwa hesabu. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Yaliyokuwepo ni *tandatu*, *fungate* na *kenda*. Kenda bado inajulikana. Fungate wengi huijua kama siku za maharusi baada ya ndoa, na zilikuwa siku saba: namba imekufa, arusi imeihifadhi. Mpe mhusika mmoja wa pembeni sherehe ya arusi ya siku saba inayoitwa fungate kwenye kikao cha kwanza, kisha kwenye kikao cha tatu weka ngazi yenye neno "fungate" peke yake. Usieleze chochote.

Mizizi 40 igawe hivi: vitenzi 12, vitu na mahali 12, namba 10, watu na vyeo 6. Daftarini piga safu tatu: neno la kale, neno la leo, na mahali lilipoonekana mara ya kwanza. Safu ya tatu ndiyo itakayokuokoa.

Maandishi tisa

Kila andiko liwe na maneno matatu hadi saba. Refu zaidi ya hapo huchosha. Matatu ya kwanza yawe na picha au kitu kinachothibitisha maana. Manne yanayofuata yachanganye maneno yaliyokwisha kuonekana na neno moja jipya. Mawili ya mwisho yawe na uzito: kifo, hazina au njia ya kutokea.

Sheria tunayoisisitiza kuliko zote: *neno lolote ambalo uhai wa wahusika unalitegemea lazima liwe limeonekana mahali patatu kabla.* Wachezaji hukosa moja, husahau la pili, hukumbuka la tatu.

Anza na majina. Msomi Mfaransa Jean-François Champollion alipoufungua mwandiko wa kale wa Misri mwaka 1822, miaka 23 baada ya kupatikana jiwe la Rosetta, lenye tamko moja kwa Kimisri na Kigiriki, majina ya wafalme ndiyo yaliyokuwa mlango, kwa kuwa jina hutamkwa karibu sawa katika lugha mbili. Basi andiko lako la kwanza liwe na jina ambalo wachezaji wameshalisikia kwenye hadithi za kijijini.

Mfano wa andiko la katikati: ukumbi una sanamu ya mlinzi yenye nyuso mbili, moja inacheka, nyingine imeinamia ndoo kisimani. Sanamu inazungushika. Chini pameandikwa *Mlinzi akiteka, pita.* Mwenye haraka ataugeuza uso wa kisimani, kwa sababu kuteka ni kuteka maji. Mwenye kufuata kanuni ya 2 ataugeuza uso wa kicheko. Hakikisha kabla ya hapo wameona *tini* na *mtele*, vinginevyo umewaonea.

Dadu na uchawi

Dadu lisitoe tafsiri, litoe msaada. Kwa kipimo cha mchezo maarufu wa Dungeons & Dragons, ambapo 10 ni rahisi, 15 ni wastani na 20 ni gumu, gawa hivi: anayefika 10 ajue maneno yanaanzia na kuishia wapi na lipi ni jina la mtu; anayefika 15 apewe mzizi mmoja auchague mwenyewe; anayefika 20 aelezwe jambo moja la sarufi. Anayeshindwa asinyimwe kila kitu. Mpe usomaji wa aina mbili unaowezekana, mmoja ukiwa sahihi.

Mara moja kwa kila andiko, basi. Ukiruhusu kurusha tena na tena, wachezaji watarusha mpaka lugha iishe.

Mchezo huo huo una uchawi wa ngazi ya kwanza unaomwezesha mhusika kuelewa lugha yoyote kwa saa moja. Waongozaji wengi huupiga marufuku, na hilo ni kosa: mchezaji ameulipia. Soma masharti yake. Kwa maandishi, lazima mhusika aguse sehemu iliyoandikwa. Ukurasa mmoja huchukua kama dakika moja. Na anachopata ni maana ya neno kwa neno. Masharti hayo matatu yanatosha. Weka andiko kwenye dari ya mita sita, au ndani ya maji. Weka andiko lililobomoka, kwa sababu uchawi hausomi herufi zisizokuwepo. Au acha maana ya neno kwa neno iwapotoshe: "Mfalme alikula tumvi nyingi" kwa mgeni ni habari ya mtu aliyeuawa kwa chumvi, kumbe mfalme aliishi miaka mingi. Misemo ni ngome ambayo uchawi wa aina hii hauipandi, na Kiswahili kina misemo ya kutosha kwa maisha yote ya mchezo wenu.

Kwenye mchezo mwingine, GURPS, toleo la nne, lugha hununuliwa kwa pointi 1 hadi 3 za kusema na 1 hadi 3 za kusoma. Kwa lugha mfu uza upande wa kusoma tu, na uishie kiwango cha kwanza. Hakuna wa kuzungumza naye.

Yanayoharibika, na kwa nini

Mchezaji mmoja huchukua karatasi zote na wengine wanatazama simu zao. Hii hutokea pale andiko linapotolewa nakala moja. Kata andiko vipande, kila mchezaji apewe chake, na mwenye ujuzi wa lugha apewe kazi ya kuandika orodha ya maneno ya kikundi badala ya kujibu.

Fumbo linavuka dakika 20. Lisiachwe. Wape kitu cha nje: yule mzee mwindaji anapita, au mwanga wa jioni unaonyesha herufi iliyokuwa kivulini. Ili hili liwezekane, andiko lolote la lazima liwe na njia ya pili ya kupita, yenye gharama zaidi.

Mwongozaji hubadilisha neno bila kujua: kikao cha pili maji ni *maji*, kikao cha tano ni *mayi*. Wachezaji hudhani ni dalili na kupoteza saa nzima. Ikitokea, kiri papo hapo kuwa ni kosa la kuandika.

Wachezaji wanasoma vibaya na kuamini. Hapo usiwasahihishe. Acha dunia ijibu.

Andiko la mwisho, kwa mfano

Mlango mkubwa chini ya bonde, na juu yake:

*Kala tini ya jiwe. Mvula ikija, fungula*

Kwa kanuni mbili za kwanza kikundi kitapata: kaa chini ya jiwe, mvua ikija, fungua. Watasubiri mvua. Nje mawingu yanajikusanya.

Lakini jiwe limevunjika ukingoni mwa kulia, mara tu baada ya *fungula*, na ulipotoa karatasi ukingo huo uliuchana kwa mkono, hukuukata kwa mkasi. Sehemu tatu za nyuma wameona *si* ikikaa mwishoni: kwenye malalo ya mke wa mfalme, *alizala si*, pasipo sanamu hata moja ya mtoto, kwenye ghala tupu, *wakapokela si*, na kwenye daraja lililoporomoka, *pita si*. Kipande kilichovunjika kimelala kwenye kifusi, hatua kenda kushoto kwa mlango, kina herufi mbili, na atakayesema anakitafuta hahitaji kurusha dadu. Wasipokitafuta, mvua ikaanza, wakafungua: bonde zima hutiririkia mlangoni hapo, na maji huwafika magotini kwa dakika moja, kifuani kwa tatu. Waachie kamba ukutani, kwa urefu wa mtu mmoja.